Tunasafisha Picha kwa Kahawa

Hapa Nyarugusu tunapigwa picha sana. Mgeni anakuja, anapiga foleni ya chakula, anapiga watoto wakiwa bombani, anashukuru, anapanda gari. Picha inaondoka naye. Mama mmoja jirani yetu, mtu wa Fizi, aliniambia siku moja: "Banatupigaka picha miaka yote hii, lakini mimi sina hata moja ya watoto wangu bakiwa badogo." Mimi mwenyewe nimezaliwa humu kambini. Picha yangu ya kwanza kabisa ni ile ya usajili, na siyo mimi ninayeitunza.

Ndiyo maana katika kikundi chetu cha vijana tulianza kupiga picha kwa mkanda, zile za nyeusi na nyeupe. Utasema simu si zipo? Zipo, lakini wewe unajua maisha ya simu hapa. Kioo kinapasuka, memori inajaa, mtoto akiumwa usiku simu inauzwa asubuhi na picha zote zinaenda nayo. Mkanda ukisafishwa vizuri unakaa miaka mingi ndani ya bahasha tu, hauhitaji chaji.

Kamera tunazo mbili, za zamani, tulizoachiwa na mtu aliyekuja kufundisha. Shida ilikuwa dawa za kusafishia. Hazipatikani kambini, na kutoka kwenda mjini lazima uwe na kibali. Basi tukajifunza njia ya kahawa. Siyo uchawi wala siyo jambo letu sisi. Mwaka 1995 mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake wa chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na magadi inasafisha mkanda. Baadaye watu wakaongeza vitamini C ili kazi iende haraka na picha itoke safi zaidi.

Inafanyaje kazi? Juu ya mkanda kuna chumvi za madini ya fedha. Mwanga ukizigusa, zinabadilika kidogo sana, huwezi kuona kwa macho. Ndani ya kahawa kuna asidi fulani, siyo ile kafeini inayokunyima usingizi, ambayo inageuza zile zilizoguswa na mwanga kuwa fedha halisi, nyeusi. Lakini haiwezi kufanya hivyo bila magadi, kwa sababu inataka maji makali kama ya sabuni.

Kwa chombo chetu cha kusafishia, cha mililita 300, tunatumia gramu 16 za magadi, vidonge 10 vya vitamini C vya miligramu 500, na gramu 12 za kahawa ya unga inayoyeyuka, kama ile inayotengenezwa Bukoba. Magadi ni haya haya ya kulainishia maharage. Kwanza tunayakaanga kwenye sufuria kuukuu mpaka yakauke kabisa, maana yakiwa mabichi nguvu yake ni ndogo. Vidonge viwe vya kawaida, siyo vile vinavyochemka kwenye maji, kwa sababu vile vina asidi nyingine inayoua nguvu ya magadi. Tunaanza na magadi, yakiyeyuka tunaweka vitamini, kahawa mwisho. Tunasubiri povu litulie.

Kuuingiza mkanda ndani ya chombo ni kazi ya usiku, taa zote zimezimwa, mikono iko chini ya mablanketi mawili. Kifuniko kikishafungwa, hata kama jua linawaka hakuna shida. Maji yawe kama digrii 20, kwa hiyo tunayatoa kwenye mtungi wa udongo. Tunamimina, dakika 15, kila dakika tunapindua chombo mara tatu. Harufu yake, jamani! Usiombe.

Baada ya hapo tunasuuza, halafu inakuja dawa ya kukazia, ya kuondoa zile chumvi za fedha ambazo hazikuguswa na mwanga. Usipoziondoa, picha yote itakuwa nyeusi. Sisi tunatumia chumvi ya kupikia, gramu 90 kwenye maji yale yale mililita 300, na tunaacha siku nzima au zaidi, mpaka weupe kama wa maziwa uishe kwenye mkanda. Ni polepole, lakini inafanya. Chumvi ya posho hatuigusi, tunachangishana tunanunua. Vyombo vya kazi hii havirudi jikoni, na maji machafu hatumwagi karibu na bomba.

Maji ndiyo yalituletea maneno. Wazazi waliuliza, na walikuwa na haki kuuliza: dumu linapiganiwa, nyinyi mnaoshea picha? Tukawaonyesha hesabu. Jaza chombo, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, pindua 10, mwaga. Jaza tena, pindua 20, mwaga. Sisi tunaongeza mara mbili kwa sababu ya chumvi. Jumla haifiki lita mbili.

Mkanda mmoja una picha 36 na sisi tuko 12, kwa hiyo kila mtu ana picha tatu. Ukiwa na tatu tu hupigi ovyo. Unakwenda kwa mtu, unamsalimia, unamwomba ruhusa, unamuuliza anataka aonekane vipi. Bibi mmoja alikataa kupigwa mpaka abadilishe kitenge. Tukamsubiri. Hakuna aliyewahi kumsubiri hivyo.

Kuiona picha, tunaweka mkanda juu ya kioo cha simu chenye mwanga mweupe, tunapiga kwa simu nyingine, tunageuza rangi. Ile negativu yenyewe tunaikata na kumpa aliyepigwa. Hiyo ndiyo sheria yetu moja. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja alisafiri na familia yake kwenda kuishi nchi ya tatu. Mizigo ilipimwa kwa kilo. Kipande chake cha picha tatu, yeye na rafiki zake wawili, kilikuwa ndani ya daftari na hakikuongeza hata gramu tano.

Tunakutana Jumamosi mchana. Kijana yeyote aje. Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaokwenda Kasulu na kurudi, kama mna nafasi ya kutusafishia kopi za karatasi huko mjini, flashi tunayo tayari.