Flashi ya Mwalimu wa Taaluma

Rubya ni mahali pa makaratasi. Ukiacha barabara kuu pale Muleba, mkoani Kagera, na kupandisha kati ya migomba na mibuni, unaikuta hospitali, unaikuta na Seminari ya Mtakatifu Maria, ile iliyomlea Laurean Rugambwa kabla hajawa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Palipo na wagonjwa na wanafunzi pana rejista, na rejista siku hizi ziko ndani ya kompyuta. Taabu ni kwamba kwa muda mrefu kompyuta za huko hazikujuana.

Mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari vilimani humo amezipitia zama zote. Alianza na disketi, kile kibao chembamba cha plastiki kilichobeba megabaiti 1.44 tu. Mtihani wa Jiografia ukiwekewa ramani iliyoskaniwa haukuenea humo. Vumbi likiingia, disketi ilikoroma kidogo ndani ya mashine, kisha kompyuta ikatangaza kwamba haisomeki, na mtu akarudi Muleba kuchapa upya.

Flashi za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2000. Kampuni ya Trek ilizitoa Singapore, na M-Systems ya Israel ikatengeneza zilizouzwa na IBM, zenye megabaiti 8. Rubya haikuziona hizo. Zilipofika kwenye maduka ya Bukoba zilikuwa na uwezo wa mamia ya megabaiti, na mwalimu aliyevaa moja shingoni kwa kamba yake alijulikana kuwa mtu wa mambo makubwa.

Kazi ya mwalimu huyo wa taaluma ilikuwa na vituo vitatu. Alama ziliingizwa kwenye kompyuta ya mezani ofisini, zikahakikiwa nyumbani kwenye laptopu, kisha ripoti na mitihani ikachapwa steshenari Muleba. Katikati ya vituo hivyo hapakuwa na intaneti ya kutegemewa, hata baada ya nyaya za baharini za SEACOM na EASSy kufika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010. Intaneti ilikuwa flashi, na nauli yake ilikuwa ya bodaboda. Ili asichanganye nakala, mwalimu aliweka programu ya kulandanisha mafaili: unachomeka flashi, programu inalinganisha folda mbili, inanakili kilichobadilika tu. Mwanzoni ilimaliza kabla hajavua koti.

Halafu ikaanza kusuasua. Kazi ya dakika moja ikawa ya kusubiri hadi chai ipoe.

"Shikamoo, mwalimu. Waitu, hii flashi imechoka, nunua nyingine," kijana wa steshenari alimwambia.

"Marahaba. Hii nimeinunua kwako juzi, kijana wangu. Imechoka lini?"

Jibu la kununua nyingine ndilo rahisi kuliko yote, na wauzaji wanalipenda. Mwalimu, ambaye ni mtu wa Hisabati, alikataa kulipokea bila ushahidi. Alianza na tundu la kuchomekea flashi. Kompyuta ya ofisini ilikuwa ya zamani, na baadhi ya matundu yake yalikuwa ya USB 1.1, yenye kasi ya juu ya megabiti 12 kwa sekunde; kwa vitendo hiyo ni kama megabaiti moja, na gigabaiti nzima inakula zaidi ya robo saa. USB 2.0 inafika megabiti 480. Kompyuta yenyewe ilikuwa imelisema hilo kwenye kona ya skrini, kwamba kifaa hiki kinaweza kwenda kasi zaidi, lakini nani husoma vile vijisanduku? Akahamishia flashi kwenye tundu la USB 2.0. Ikapata nafuu, haikupona.

Mshukiwa wa pili alikuwa kirusi. Kwa miaka mingi steshenari zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: unachomeka flashi, folda zako zinageuka vijisanduku vya njia ya mkato, mafaili yenyewe yamefichwa. Vijana wa steshenari waliikariri amri ya attrib kama sala, maana ndiyo iliyoyafichua tena. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia flashi kujiendesha yenyewe ikichomekwa, lakini kompyuta isiyo na intaneti ingelipata wapi? Flashi ya mwalimu ilikuwa safi. Hata hivyo programu ya kukinga virusi ilikuwa inalikagua kila faili linalopita, na folda ile ilikuwa na maelfu ya mafaili, karibu yote picha ndogo za pasipoti za wanafunzi.

Hapo ndipo alipolikaribia jibu. Chipu ya flashi haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani. Ni lazima kwanza ifute eneo kubwa kwa mkupuo mmoja, hata kama inataka kubadilisha sehemu ndogo tu. Faili moja kubwa huingia kwa mfululizo. Picha elfu moja ndogo humaanisha kuandika na kurekebisha orodha ya mafaili tena na tena, na flashi ya bei nafuu huzidiwa. Akazifunga picha za kila mwaka kuwa faili moja la zip. Muda ukashuka sana.

Lakini bado programu ilikuwa inanakili vitu ambavyo hakuna aliyevigusa. Chanzo kilikuwa saa. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao huandika muda wa faili kwa hatua za sekunde mbili. Sekunde ya 7 hulazimika kuwa ya 6 au ya 8. Diski ya kompyuta ya Windows, yenye mfumo wa NTFS, hutunza muda kamili. Programu ikiona tofauti ya sekunde moja inaamini faili limebadilika, inalinakili upya, na kesho inarudia. Mwalimu alitafuta kwenye mipangilio mahali pa kuvumilia sekunde mbili, akaweka alama. Ulandanishi ukarudi kuwa wa dakika moja.

Kuichunguza saa kulimfunulia jambo baya zaidi. Umeme wa Kagera kwa miaka mingi umenunuliwa Uganda, na katizo si habari ngeni. Betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta ya ofisini ilikuwa imekufa, hivyo kila umeme ulipokatika mashine iliamka ikidhani ni mwaka iliotengenezwa. Alama zilizoingizwa leo zilipewa tarehe ya kale, na programu, ikifuata kanuni kwamba kipya hushinda, ilizifunika kwa nakala ya wiki iliyopita. Alama za darasa zima zilipotea kimyakimya. Ziliokolewa na karatasi alizojaza mwalimu wa somo kwa kalamu.

Sasa kazi nyingi zimehamia kwenye simu. Ratiba na matangazo hupita WhatsApp, ripoti hutumwa kwa wazazi vilevile, nakala za akiba hukaa Google Drive bando likiruhusu. Mtihani peke yake hautumwi huko, kwa sababu ukibonyeza kundi lisilo lake umevuja. Huo unakwenda Muleba mfukoni mwa mwalimu mwenyewe, ndani ya flashi, naye anasimama kando ya mashine mpaka nakala ya mwisho itoke.

Kwa hiyo ewe mhasibu, karani au mwalimu unayelandanisha mafaili kwa flashi: kompyuta yako ikisahau tarehe baada ya umeme kukatika, usichomeke kitu. Badilisha kwanza ile betri ya duara, kwa kawaida ni CR2032, rekebisha saa, ndipo unakili.