Haki ya Paka Mweusi

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumziwa wanadamu. Katika insha hii ningependa kuielekeza kwa paka, kuku na ndege wa uani, viumbe ambao nimekuwa nikiwapiga picha tangu mwaka 2004, kwa mapenzi tu wala si kwa malipo.

Nchi yetu imezaa wapigapicha wa kupigiwa mfano. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, aliutikisa ulimwengu kwa picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984. Kazi ya aina hiyo huhitaji ujasiri wa kuyaendea maafa. Sisi wapigapicha wa ridhaa tuna uwanja mdogo zaidi: kibaraza, mgomba, kamba ya kuanikia nguo. Hata hivyo, udogo wa uwanja haupunguzi ugumu wa kuona.

Chukua mathalani mwanga. Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi, likapanda upesi kama mgema apandaye mnazi. Ule mwanga laini haudumu. Ifikapo saa tatu, vivuli vimekuwa vikali na uso wa kiumbe chochote umegawanyika pande mbili, nuru na giza. Ndiposa mimi huamka alfajiri, nikamngoja chozi afike kwenye ua la mgomba kabla kunguru hawajamfukuza.

Lakini mwalimu wangu mkuu alikuwa paka. Kwetu Likoni, Bibi yangu alifuga paka mweusi tii, jina lake Makaa. Baadhi ya majirani walimwogopa, wakidai kuwa ni jini. Kamera nayo ilimkosea kwa namna yake. Kipima mwanga cha kamera hakimjui paka wala kuku. Hukisia kwamba mandhari yote yaliyo mbele yake, yakichanganywa, hutoa rangi ya kijivu ya wastani. Paka mweusi akiijaza picha, kamera hudhani pana giza, huongeza mwanga, naye Makaa hutoka rangi ya majivu. Kuku mweupe naye hupunguziwa mwanga, akatoka kama aliyegaragara vumbini. Mpigapicha hana budi kuibishia kamera: ampunguzie mweusi mwanga, amwongezee mweupe. Kisha akae chini, macho yake yalingane na ya mnyama, kwani anayetazamwa kutoka juu huonekana mdogo daima. Chombo kilichozoea wastani humdhulumu kila asiye wa wastani, na hufanya hivyo bila chuki yoyote.

Bibi mwenyewe hakukubali kupigwa picha. Aliponikuta nimelala kifudifudi mbele ya Makaa, aliniuliza, "Mjukuu wangu, huyo umemtaka idhini?" Nikamjibu kwamba paka hasemi. "Husema kwa miguu," akanijibu. Naam, paka asiyetaka huondoka. Wanaisimu watatukumbusha kwamba kitenzi "piga" hakibebi ukatili kila mahali: twapiga pasi, twapiga simu, twapiga magoti. Hata hivyo, swali la Bibi lilinifanya nikisikie kitenzi hicho upya. Tangu siku hiyo nikajiwekea kanuni: mnyama akigeuka, kamera hushuka; ndege anayeatamia mayai hasogelewi.

Mwaka 2007 nilimpiga Makaa picha akiwa kizingitini, macho ameyafumba nusu. Mkanda uliposafishwa, pembeni mwa picha ulionekana mkono: vidole vya Bibi vikimkuna paka shingoni, hina imefifia kuchani. Nilimwonyesha. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ndiye Makaa. Mweusi hasa." Kuhusu ule mkono hakutamka neno.

Bibi alifariki mwaka 2011. Baada ya arobaini, ilibainika kuwa hatukuwa na picha yake nyingine ila ile ya kitambulisho. Mjomba alitaka mkono ule ukatwe kutoka kwenye picha, ukuzwe na kutundikwa sebuleni, ili wajukuu wadogo wapate cha kumkumbukia. Mama mdogo alipinga vikali: aliyekataa akiwa hai asilazimishwe akiwa kaburini. Kila upande ulikuwa na hoja, na maneno yakawa makali kwa siku kadhaa. Hatimaye wakaniachia mimi niamue, maadamu picha ilikuwa yangu. Nilichapisha nakala moja kwa kila mtoto wa Bibi, picha nzima isiyokatwa, paka katikati na mkono pembeni, kama Bibi alivyoiona kwa macho yake bila kuikataa. Haikutundikwa popote. Mama mdogo huiweka yake ndani ya sanduku la kanga. Mjomba huibeba ya kwake mfukoni.

Wapenzi wasomaji, leo wengi wetu tuna kamera ndani ya simu, na picha haitugharimu kama ulivyotugharimu mkanda wa picha 36. Hiyo si sababu ya kuacha kuuliza. Swali la Bibi linatuhusu hata sisi tuandikao hadithi na mashairi kuhusu watu wa kwetu: je, tumewaona kwa rangi yao, na je, wameridhia? Jifunzeni kwa paka wa nyumbani. Akichoka ataondoka, nanyi mtakuwa mmeujua mpaka.