Maswali Matatu, na la Daktari

Jino halisukumwi kama kiti. Waya unapolibana, mfupa wa upande mmoja huyeyuka, wa upande wa pili hujijenga upya. Ndiyo maana kupanga meno huchukua mwaka mmoja na nusu, miwili, hata zaidi. Ukivuta kwa pupa, mzizi unaweza kufupika. Fizi zenye ugonjwa hutibiwa kwanza.

Meno yangu ya chini yamepandana mpaka mswaki haupiti. Kliniki ya karibu na nyumbani, Temeke, waliniambia nije kesho na hela, nifungwe waya siku hiyohiyo. Hakuna picha ya mionzi. Hakuna aliyeuliza kwa nini fizi zinatoka damu. Bei ilikuwa nusu ya kwingine. Niliaga.

Nikatembea na maswali matatu. Umesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Kupanga meno ndio ubingwa wako? Waya zikishatoka, nitavaa nini ili meno yasirudi yalikotoka?

Aliyeyajibu yote bila kukasirika yuko Upanga. Kutoka Mbagala ni daladala mbili na foleni, kila mwezi. Alinisafisha fizi kwanza, akapiga picha, kisha akauliza lake: “Na huu mwanya wa juu, dada, tuuzibe?”

Nikamwambia mwanya ni wa bibi yangu, marehemu. Akaandika kwenye faili: mwanya ubaki.

Hapo ndipo nilipolipa.