Maua ya Vuli katika Kibera na Kawangware

Katika nchi za Ulaya, mwezi wa Oktoba ni mwezi wa majani kufa. Miti hugeuka rangi ya manjano na nyekundu, kisha hupukutika. Kwetu Nairobi mambo ni kinyume. Mwezi huo huo, mvua za vuli zikikaribia, mijakaranda huchanua maua ya zambarau, na yaangukapo hutanda njiani kama mkeka. Mti huo asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini umekuwa mwenyeji kabisa.

Mtu atokaye mjini kwa Barabara ya Ngong huiacha Kibera mkono wa kushoto, na Kawangware huwa mbele zaidi, mkono wa kulia. Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Hapo ndipo askari Wanubi wa K.A.R. walipokaa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Leo msitu umekwisha, na nyumba za mabati zimebanana. Kawangware nako, mahali palipokuwa mashamba pamegawanywa viwanja vidogo vidogo.

Je, mkazi wa huko apande nini? Wako wasemao kwamba maua ni anasa, maana maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na haifai ua linywe kabla ya mtoto. Neno hilo ni la haki. Basi na tuchague maua yasiyomnyang'anya mtoto maji yake.

La kwanza ni bugenvilia, lililopewa jina la Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeizunguka dunia miaka ya 1766 hadi 1769. Likisha kushika mizizi, huvumilia ukame, tena likinyweshwa mno hutoa majani mengi na maua machache. Miiba yake huimarisha ua wa nyumba. Tena ajabu yake ni hii: ile rangi tuionayo si maua hasa, bali ni majani yaliyogeuka, ua lenyewe ni dogo, jeupe, katikati yake. Kwa hiyo sisi nasi tunayo majani ya rangi, ila yetu ni mazima.

La pili ni jeraniamu, litoshalo ndani ya kopo dirishani. Toboa kopo chini, maana maji yakituama shina huoza.

La tatu ni marigoldi. Mbegu zikipandwa Agosti huchanua Oktoba. Waweza kuzipanda kileleni mwa gunia lile lile la sukuma wiki, zikanywa maji yaliyooshea mboga. Maua yakikauka, weka mbegu za mwaka ujao, hutanunua tena.

Lakini jihadhari. Mjakaranda hutaka nafasi kubwa. Uachiwe barabara na viwanja vya shule. Lantana nayo, ijapokuwa na maua mazuri, husambaa kama moto na ni sumu kwa ng'ombe.

Mwombe jirani kijiti cha bugenvilia chenye unene wa kalamu, ukakichomeke udongoni mvua zianzapo. Mvua itakinywesha bure, na mtungi utabaki wa watu wa nyumbani.