Tuliilaumu Wete Bure



Kwa muda wa miaka 2 mke wangu alizungumza na dada yake aliyeko Wete, Pemba, kwa vipande vipande. Sauti ikija, picha huganda. Picha ikirudi, sauti imekwisha kupotea. Tukamwambia kwamba mtandao wa huko kwao ni dhaifu, naye akatuamini. Mzee wa miaka 70 na ushei, akawa kila baada ya sala ya isha hutoka nje akakaa barazani ili asikike. Masika yalipoingia alikaa hapo na mwavuli. Sisi tuliketi katika chumba cha nyuma, penye zulia na joto, tukimhurumia.

Wajukuu nao walilalamika kuhusu waifai, basi nikaenda dukani nikanunua ruta kubwa yenye antena 8, mfano wa buibui aliyekufa chali. Simu ya Wete iliendelea kukatika. Hilo likatuthibitishia kwamba kosa haliko kwetu.

Siku moja simu ililia mke wangu akiwa karibu na mlango wa mbele, akaipokea pale pale, amesimama. Wakazungumza dakika 40 bila ya kukatika hata mara moja. Nikaitazama ruta, iliyokuwa hatua 2 tu kutoka aliposimama, nikaona haya. Mimi nilifundisha fizikia miaka 30.

Nyumba yetu ni ya matofali, katika zile zilizojengwa hapa Uingereza zama za Malkia Victoria, na baina ya chumba cha mbele na cha nyuma pana ukuta mnene pamoja na dohani. Waya wa simu huingilia mbele, basi fundi huiweka ruta hapo hapo akaenda zake. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta kwa unafuu, lakini majirani wote wamo humo, na hata jiko la maikrowevu hupiga kelele humo humo. Ya gigahezi 5 yana nafasi na kasi zaidi, ila tofali huyadhoofisha mno. Na haya mapya ya gigahezi 6 hayana nafuu.

Na zile antena 8? Nguvu ya kurusha mawimbi imewekewa kikomo na sheria. Kwa gigahezi 2.4 hapa Uingereza ni miliwati 100. Hata kama ingeruhusiwa zaidi, simu ya mkononi nayo haina budi kujibu, na sauti yake ni ndogo. Muadhini mwenye kipaza sauti husikika mtaa mzima, lakini wewe ukimwita kutoka uani kwako hakusikii.

Nilifanya kosa jingine kabla ya kupata dawa. Nilinunua repita ya kuchomeka ukutani, nikaichomeka katika chumba kile kile kisichofikiwa na mawimbi. Repita hurudia inachokisikia. Pasiposikika kitu itarudia nini? Mahali pake ni katikati ya njia. Tena zile za bei rahisi hupokea na kurusha kwa redio moja, hata kasi ikashuka kama nusu. Vile vifaa vya meshi vinavyouzwa viwili viwili au vitatu vitatu ni bora kuliko hizo, na ubora wake huonekana hasa vikiunganishwa kwa waya.

Dawa ilikuwa waya huo. Nilipitisha kebo ya Cat 6, mita 18, kandokando ya sakafu mpaka chumba cha nyuma (kebo hiyo hufika mita 100 bila ya taabu), na mwisho wake nikafunga aksesi pointi ndogo, iliyonigharimu pungufu ya nusu ya bei ya buibui wangu. Jina la waifai na neno la siri nimeyaacha yale yale. Mwenye ruta ya zamani aweza kuitumia kwa kazi hii, mradi aizime ile huduma ya kugawa anwani, kwani wagawaji 2 katika nyumba moja huleta fujo.

Kabla ya kutoa hata pauni moja, unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya upime kasi. Ikiwa nzuri hapo na mbaya chumbani, kampuni haina kosa. Na ukinunua, tazama muda ambao mtengenezaji ameahidi kutoa marekebisho ya usalama; tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya hapa inamlazimisha kuutaja. Kifaa cha bei rahisi ambacho ahadi yake inakaribia kwisha mimi sikichukui.

Ijumaa iliyofuata mke wangu alimweleza dada yake ukweli wote, ukuta, dohani na ruta. Yule mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Basi, mdogo wangu, sasa naweza kuingia ndani?"