Pupu, bunduki ya risasi moja

Katika vijiji vya Katanga tulimokulia, bunduki ya kuwinda ni pupu. Fundi wa chuma huitengeneza kwa bomba la maji ao la usukani wa gari. Inapiga mara moja tu. Kisha ni kuanza upya: baruti, kitambaa, vipande vya chuma, kushindilia.

Bunduki za kushindilia zilifika kwa biashara ya pembe, shaba na watumwa, wakati wa Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa 1891. Mapatano ya Bruxelles ya 1890 yalizuia silaha mpya zisiuziwe Waafrika, yakaacha gumegume na baruti ya kawaida. Tuliachiwa kilicho zaifu. Wazee wetu wakakifanya shule. Mwenye risasi moja anapima upepo, anakaribia polepole, anaacha nyama jike mwenye mimba. Akikosa, analala njaa.

Tangu vita ya 1996, makalashi yameingia porini, yanafyeka kundi zima. Sheria ya uwindaji iko tangu 1982, lakini hailindi pori peke yake. Sisi walimu tunaomba wazazi: mbele ya kumupa kijana bunduki, mumufundishe kwanza nyama gani ya kuacha.