Mtoto anapoiacha imani: mama aliyemfuata mwanawe mpaka ng'ambo

Mzazi anayelia kwa sababu mtoto wake ameacha kusali hubeba aibu ya aina yake. Mtoto akifeli mtihani, majirani hutoa pole. Akiugua, wanajumuiya huja na michango. Lakini kijana aliyelelewa kanisani, akapokea kipaimara, akaimba kwaya ya watoto, kisha akarudi kutoka chuoni akisema mambo hayo hayaamini tena, huyo husemwa kwa sauti ya chini. Na swali linalofuata ni lile lile: kwani mama yake alimleaje?

Mama mmoja wa Afrika alibeba mzigo huo zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Habari zake zinajulikana kwa sababu mtoto mwenyewe alikuja kuziandika. Mama aliitwa Monika, na mtoto ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Wakristo wengi wanamjua Augustino kama mtakatifu na mwalimu mkubwa wa Kanisa. Miaka aliyomliza mama yake haisimuliwi sana.

Nyumba ile haikuwa ya watakatifu. Baba, Patrisi, hakuwa Mkristo. Alikuwa mwepesi wa hasira na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Tena hakuwa tajiri. Augustino alipofika miaka 16 ilibidi akae nyumbani mwaka mzima bila shule, baba akihangaika kutafuta fedha za kumpeleka Kartago. Mwenye kijana aliyewahi kukaa nyumbani akisubiri ada anajua mwaka wa namna hiyo unavyokuwa. Aliandamana na vijana wenzake usiku, wakaiba mapeasi ya jirani, wakayaonja kidogo tu, mengine wakawatupia nguruwe. Mama alimwonya kuhusu wanawake. Kijana akayaona hayo kuwa maneno ya kike tu, akaona haya kuyafuata.

Augustino aliliandika jambo jingine bila kumfichia mama yake. Angeweza kuozeshwa mapema, lakini Monika aliogopa kwamba mke angemharibia masomo. Shule kwanza. Wazazi wote wawili, anasema, walitamani elimu yake kupita kiasi. Kwa hiyo wanaomchora Monika kama mama asiye na doa wanamnyima sura yake halisi, ambayo ndiyo inayomfaa mzazi wa leo.

Huko Kartago kijana alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume wakampa jina Adeodatus, yaani aliyetolewa na Mungu. Karibu na wakati huo Patrisi alifariki, akiwa amebatizwa mwishoni mwa maisha yake. Kisha, akiwa na miaka 19, Augustino akajiunga na Wamani, wafuasi wa Mani. Hao walifundisha kwamba ulimwengu ni uwanja wa vita kati ya nuru na giza, na kwamba uovu ndani ya mtu unatoka kwenye lile giza. Waliahidi kueleza kila kitu kwa hoja, bila kumtaka mtu aamini tu. Kwa kijana mwenye akili nyingi, ambaye pia angependa kosa lake liwe la mwingine, mafundisho hayo yalikuwa matamu. Alikaa nayo miaka tisa hivi, na akawavuta na marafiki zake.

Aliporudi Thagaste kufundisha, Monika alifanya kile ambacho wazazi wengi wamekifanya au wametamani kukifanya. Alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Siku hizi mlango haufungwi kwa komeo. Mtoto huondolewa kwenye kundi la familia la WhatsApp, au baba huacha kupokea simu zake. Maana ni ile ile: mpaka utakapotubu, hapa huna sahani.

Kilichomfanya Monika aufungue mlango si kutubu kwa kijana. Ilikuwa ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao wa kupimia, amejaa huzuni, na kijana mwenye kung'aa akamjia akitabasamu, akamuuliza sababu ya kulia. Akajibu kwamba anaulilia upotevu wa mwanawe. Akaambiwa atulie na atazame, kwa maana pale alipo yeye ndipo atakapokuwa na mwanawe pia. Akatazama, akamwona Augustino amesimama kando yake juu ya ubao ule ule. Aliposimuliwa, Augustino, mwalimu wa ufasaha, alijaribu kuigeuza: labda maana yake ni kwamba mama ndiye atakayekuja upande wangu. Monika akamjibu papo hapo kwamba hakuambiwa hivyo. Aliambiwa mwana atakuwa alipo mama. Jibu lile, Augustino anakiri, lilimgusa kuliko ndoto yenyewe.

Akarudishwa mezani. Angali Mmani, angali akiishi na yule mwanamke bila ndoa, hajabadilika hata kidogo. Na ilimbidi Monika ale naye hivyo hivyo kwa miaka mingi zaidi.

Hapo ndipo inafaa kuikumbuka sura ya 15 ya Injili ya Luka, ile ya kondoo aliyepotea, shilingi iliyopotea na mwana mpotevu. Mahubiri mengi huanzia kwa kondoo. Luka anaanzia kwenye manung'uniko: Mafarisayo na waandishi walimlaumu Yesu kwa kuwakaribisha wenye dhambi na kula nao. Mifano yote mitatu ni jibu la lawama hiyo ya meza. Mchungaji anamfuata kondoo, mwanamke anafagia nyumba mpaka aione shilingi, lakini yule baba hasafiri kwenda nchi ya mbali. Anabaki nyumbani, na anapomwona mwana bado yuko mbali, anakimbia. Kutafuta kunakuja kwa namna zaidi ya moja, na Monika alizijaribu karibu zote.

Alijaribu pia kutafuta mtu wa kumshinda mwanawe kwa hoja. Alimwendea askofu mmoja ambaye yeye mwenyewe, utotoni, alikuwa amekabidhiwa kwa Wamani na mama yake, akasoma vitabu vyao na hata kuvinakili, mpaka akaona bila kuambiwa na mtu kwamba vina makosa. Askofu akakataa kubishana na Augustino. Kijana bado amevimba kwa mambo mapya, alisema. Mwache, mwombee tu, atagundua mwenyewe kwa kusoma. Monika hakuridhika. Aliendelea kusihi na kulia mpaka askofu akachoka, akamwambia aende zake, kwamba mwana wa machozi kama hayo hawezi kupotea.

Maneno hayo hurudiwa sana kwenye mikesha ya akina mama, wakati mwingine kana kwamba ni hati yenye muhuri: lia sana na mtoto atarudi. Askofu yule alikuwa amechoshwa. Monika aliyapokea kama sauti kutoka mbinguni, na kwake yakawa hivyo. Lakini wapo wazazi waliolia kiasi hicho na mtoto hajarudi, na kuwaambia kwamba machozi yao hayakutosha ni ukatili.

Mwaka 383 Augustino aliamua kwenda Roma. Mama alimfuata mpaka bandarini akamng'ang'ania: ama arudi nyumbani, ama aende naye. Augustino akamdanganya. Alisema anamsindikiza rafiki anayesubiri upepo, akamshawishi mama alale katika kikanisa kilichokuwa karibu na meli, cha kumbukumbu ya Mtakatifu Sipriani. Usiku ule Monika alikuwa humo akisali na kulia, akimwomba Mungu amzuie mwanawe asisafiri. Usiku ule ule meli iling'oa nanga. Asubuhi alibaki ufukoni akipiga kelele kwa uchungu.

Pengine hakuna usiku mwingine katika habari hii unaoieleza neema vizuri zaidi. Mama aliomba jambo moja wazi wazi, na alinyimwa. Safari aliyoiogopa ndiyo iliyompeleka mwanawe Italia, mpaka Milano, kwa askofu Ambrosi, na huko ndiko alikobatizwa. Augustino alipotazama nyuma aliona kwamba Mungu hakumpa mama ombi la usiku ule ili ampe alichokuwa anakiomba siku zote. Aliona pia kwamba mapenzi ya mama yake yalikuwa na kiasi fulani cha kutaka tu mtoto awe karibu. Mzazi huweza kuyachanganya hayo mawili, kumtaka mtoto kwa Mungu na kumtaka mtoto nyumbani, na asijue yanapotengana.

Monika hakukaa ufukoni. Mwaka 385 alivuka bahari, na dhoruba ilipopiga yeye ndiye aliyewatuliza mabaharia. Alipofika Milano, Augustino alimweleza kwamba amewaacha Wamani, ingawa bado hajawa Mkatoliki. Hakuruka kwa furaha. Alisema kwa utulivu kwamba anamwamini Kristo kwamba kabla hajafa atamwona akiwa mwamini.

Naye Milano ilimbadilisha. Kwao Afrika alizoea kupeleka uji mzito, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Mlinzi wa mlango akamzuia: askofu amekataza. Mama mtu mzima, mgeni, ametoka mbali na kikapu chake! Alitii bila kununa. Ambrosi akawa anampongeza Augustino kwa kuwa na mama wa namna ile. Kwa Augustino mwenyewe askofu hakuanza na mabishano. Alimpokea kama baba anavyompokea mgeni, na kijana akaanza kuhudhuria mahubiri ili kusikiliza ufundi wa maneno tu. Yaliyomo yakaingia pamoja na ufundi.

Kuna sehemu ya habari hii isiyopendeza, na kuiruka si haki. Monika alishughulika kumtafutia mwanawe ndoa ya heshima, akachumbiwa msichana ambaye hakuwa hata amefikia umri wa kuolewa. Yule mwanamke aliyeishi na Augustino zaidi ya miaka kumi, aliyemzalia mtoto, akaondolewa kama kizuizi. Alirudi Afrika peke yake, akiapa kutomjua mwanamume mwingine, na Adeodatus akabaki kwa baba yake. Augustino anaandika kwamba moyo wake ulichanika ukatoka damu. Kisha, akishindwa kusubiri ndoa, akachukua mwanamke mwingine. Katika juhudi za kumrudisha aliyepotea, mtu mwingine alipotezwa, na hakuna anayesimuliwa kwenda kumtafuta.

Mwezi Agosti 386, katika bustani ya nyumba waliyopanga Milano, Augustino alisikia sauti kama ya mtoto ikirudia kwa kuimba kwamba achukue asome. Akafungua waraka wa Paulo kwa Warumi, macho yakaangukia sura ya 13, kuhusu kuacha ulevi na uasherati na kumvaa Kristo. Akaingia ndani kumwambia mama. Usiku wa Pasaka mwaka 387 alibatizwa na Ambrosi, pamoja na rafiki yake Alipio na Adeodatus, aliyekuwa na miaka kama 15.

Baadaye Pelagio, mtu wa kutoka Uingereza aliyekaa Roma, alifundisha kwamba binadamu ana uwezo wa kutosha wa kuacha dhambi akitaka. Augustino alimpinga kwa miaka mingi. Yeye alijua alivyotaka na akashindwa. Kwake, hata ile hamu ya kurudi ni zawadi. Alipokuwa na zaidi ya miaka 70, katika kitabu kuhusu kudumu katika imani, alitoa mfano wa maisha yake: alijaliwa asipotee kwa machozi ya mama yake ya kila siku. Hakusema mama alimnunua kwa machozi hayo. Anayetoa ni Mungu, na kwa Augustino hata moyo wa kusali ulikuwa umetolewa kwanza.

Miezi michache tu baada ya ubatizo walikuwa Ostia, bandari ya Roma, wakisubiri meli ya kurudi Afrika. Monika akashikwa na homa. Mwanawe mwingine, Navigio, alisema heri afie nyumbani. Kule Thagaste alikuwa ameshajiandalia kaburi kando ya Patrisi. Monika akamtazama kwa lawama. Mwili uzikwe popote, alisema, wasihangaike nao. Alichoomba ni wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Akafariki siku ya tisa ya ugonjwa, akiwa na miaka 56. Adeodatus alipiga yowe, wakubwa wakamnyamazisha.

Miaka kama kumi baadaye Augustino aliandika kitabu chake cha Maungamo. Katika kitabu kizima jina la mama yake limeandikwa mara moja tu, pale anapomaliza habari za kifo chake, pamoja na jina la Patrisi, yule mwenye hasira aliyebatizwa mwishoni. Anawaomba watakaosoma wawakumbuke wote wawili altareni. Jina la yule mwanamke aliyerudishwa Afrika halimo.